Studio isiyo ya nyimbo wala ya pasipoti: katuni za kuchagua njia zinavyotengenezwa

Tulipokwenda kupanga vyumba viwili Ipagala, mzee mwenye nyumba aliuliza swali moja tu: "Studio ya nyimbo?" Tukamwambia hapana. "Basi ya picha, hizi za pasipoti." Hapana, mzee wetu, ni ya katuni. Akafikiri kidogo, akasema sawa, ila wateja wasipaki pikipiki mlangoni. Huu ni mwaka wa pili na hajaona pikipiki ya mteja hata moja, na naamini jambo hilo linamkosesha usingizi kila kodi inapokaribia.

Simlaumu. Neno studio hapa Dodoma lina maana mbili, zote anazijua, na sisi hatumo. Lakini maswali yake nayasikia kila mahali siku hizi. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, pale CIVE, ndaki yake ya kompyuta, wanatoa shahada ya multimedia na uhuishaji, kwa hiyo wapo wazazi wenye kijana nyumbani anayeshinda chumbani na laptop akichora mbuzi, nao hawajui wamwambie nini shangazi akiuliza kijana anafanya kazi wapi. Na tangu akili mnemba, hiyo AI inayotajwa kila kona, iingie kwenye mazungumzo ya vijiweni, limezaliwa swali la pili: si kompyuta inachora yenyewe, ninyi mnafanya nini?

Nitajibu yote mawili, ila nianzie chini kabisa.

Katuni, uhuishaji, na *150*00#

Kwetu neno katuni linabeba vitu viwili: kile kichekesho kilichosimama gazetini na kile kinachokimbia kwenye runinga. Cha pili ndicho wataalamu wanachokiita uhuishaji, kutoka kuhuisha, yaani kutia uhai. Uhai wenyewe ni hila ya macho. Ulipokuwa shuleni ulichora mtu kwenye kona ya daftari, ukurasa unaofuata ukamchora mguu umesogea kidogo, na unaofuata tena, kisha ukaziachia kurasa haraka kwa kidole gumba, mtu akatembea. Ni hivyo hivyo. Kila mchoro mmoja unaitwa fremu, na sinema inapitisha fremu 24 kwa sekunde. Dakika moja ni fremu 1,440. Wachoraji ni watu wa kujionea huruma, kwa hiyo mara nyingi kila mchoro unaonyeshwa mara mbili mfululizo, ikabaki michoro 720 kwa dakika. Kumbuka namba hiyo, nitairudia.

Hadithi shirikishi ni hadithi inayosimama katikati na kukuuliza: unafanya nini? Ukijibu, inaendelea kwa jibu lako. Kama umewahi kupiga *150*00# kutuma pesa, umeshapita ndani ya kitu cha namna hiyo, kisicho na picha wala utamu. Bonyeza 1 uende huku, bonyeza 4 uende kule, ukikosea unarudi. Kila unachobonyeza kinafungua ukurasa ambao mtu fulani alikaa akauandika mapema, akijua siku moja utafika hapo. Sisi tunafanya hivyo, ila badala ya "Weka kiasi" kuna binti mchungaji aliyepotelewa na mbuzi wakati wa kiangazi, na swali ni kama aende lamboni au apande kilimani.

Ukishaelewa maneno "aliuandika mapema" umeelewa nusu ya biashara hii. Hakuna njia inayojitunga. Zote zimechorwa, pamoja na zile ambazo wewe hutapita kamwe.

Hesabu inayoua studio

Tuseme hadithi ina mahali patano pa kuchagua, na kila mahali pana machaguo mawili. Msomaji akianza mpaka akamaliza, ameona matukio sita. Ukiamua kila chaguo lifungue njia yake isiyokutana na nyingine, unahitaji tukio 1 la mwanzo, halafu 2, halafu 4, 8, 16, na 32 mwishoni. Jumla 63. Kila tukio likiwa la dakika moja, msomaji anatazama dakika sita na wewe umetengeneza dakika 63. Kwa ile michoro 720, ni michoro 45,360. Sogeza machaguo yafike kumi uone: miisho peke yake ni 1,024. Wapo vijana wanaokuja kwetu na wazo la hadithi "yenye uhuru kamili", na kitu cha kwanza ninachowapa ni kalamu na karatasi wachore huo mti. Wengi wanaishia tawi la nne, karatasi imejaa.

Dawa yake utaiona ukisimama kwenye mwinuko wowote upande wa Bahi mwezi wa tisa. Njia za ng'ombe zinaachana kwenye kichaka, moja inazungukia huku, nyingine inapita kando ya mbuyu, lakini zote zinakutana kabla ya lambo kwa sababu ng'ombe wote wana kiu. Hadithi zetu zinakwenda hivyo. Binti akichagua kilima ataona kitu, akichagua korongo ataona kingine, kisha jioni inamkuta mahali pamoja. Kwa mpango huo yale machaguo matano yanahitaji tukio la mwanzo na mengine mawili mawili mara tano: matukio 11 badala ya 63. Michoro 7,920. Bado ni mingi, lakini watu watatu wanaweza kuimaliza wakiwa bado wanasalimiana.

Hila hii si ya kwetu wala si ya juzi. Mwaka 1967, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 67 huko Montreal, Kanada, banda la Chekoslovakia lilionyesha filamu iliyoitwa Kinoautomat. Viti vya ukumbi vilikuwa na kitufe chekundu na cha kijani. Filamu ikifika pagumu ilisimama, msimulizi akatokea jukwaani, watazamaji wakapiga kura, wengi wakashinda. Watu walitoka wakidhani wameiendesha filamu. Kumbe kila baada ya kura, njia zote mbili zilikuwa zimepangwa zirudi pamoja kabla ya kura inayofuata.

Je, huko si kumdanganya mtu? Nilikuwa nadhani ndiyo. Nilibadili mawazo nilipoelewa jambo la daftari.

Daftari la Mangi

Umekopa mkate dukani kwa Mangi Jumatatu. Jumatano ukienda kununua sabuni, duka ni lile lile, Mangi ni yule yule, lakini anakuangalia tofauti kidogo. Kwa nini? Umeandikwa kwenye daftari. Hadithi shirikishi nzuri ina daftari kama hilo ndani yake. Ulimpa maji yule bibi njiani au ulimpita? Inaandikwa. Njia zikishakutana kwenye lambo, bibi yupo pale, na maneno yake yanategemea daftari. Tukio ni moja, mandhari ni moja, mbuzi ni wale wale. Kilichobadilika ni sentensi mbili na uso wa bibi. Gharama yake ni ndogo, na msomaji anaisikia kifuani kuliko njia nyingine nzima ya dakika tano. Ndiyo maana naamini kazi hii ni ya mwandishi kwanza, mchoraji baadaye.

Sisi mwandishi wetu anapanga visanduku na mishale kwenye Twine, programu ya bure iliyokuwepo tangu 2009, na tunaisoma hadithi nzima kwa maandishi matupu mpaka tuichoke, kabla mchoraji hajagusa kalamu.

Hapo kwenye daftari ndipo Kiswahili kilipotufundisha adabu. Binti wetu anaweza kuokota kisu, ndoo au jembe, na baadaye akakipoteza. Mtu wetu wa programu alifanya kama alivyojifunza kwenye video za Kiingereza: sentensi moja yenye pengo, pengo linajazwa jina la kitu. Kwa Kiingereza inakwenda bila shida. Tulipowapa watoto wa Chang'ombe waijaribu, simu ikaandika: "Ndoo yako kimepotea." Mtoto mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Kisu kimepotea, ndoo imepotea, jembe limepotea, na wakipotea mbuzi wawili ni wamepotea. Ngeli haisamehi. Ilibidi kila kitu kwenye daftari kiandikwe pamoja na ngeli yake, na vitenzi vyote vichaguliwe kwa kuangalia hapo. Mwenzetu huyo, ambaye sekondari alikuwa akitoroka vipindi vya Kiswahili, sasa ana jedwali la ngeli ukutani juu ya kitanda.

Ila lugha hiyo hiyo ilitulipa kwenye midomo. Kumfanya mhusika aonekane anaongea unahitaji seti ya michoro ya mdomo, ubadilishe mmoja baada ya mwingine kufuata sauti. Kiswahili kina irabu tano zinazosikika wazi, na silabi zetu nyingi sana zinaishia kwenye irabu. Unachora midomo ya a, e, i, o, u, mmoja uliofumba kwa m, b na p, mmoja wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na mmoja wenye ulimi kwa th na dh. Minane. Tamka "mbuzi amepotea" mbele ya kioo polepole utaona mdomo wako mwenyewe unavyofumba, unavyochongoka, unavyopanuka. Kazi hiyo nilidhani ingekuwa ya wiki, ikaisha kwa siku moja na nusu.

Chapati zilizokwisha kupikwa, na mama ntilie anayesubiri oda

Watu wanachanganya video na hadithi shirikishi kwa sababu zote zinaonekana kwenye kioo kile kile cha simu. Tofauti ni ya jikoni. Video ni chapati zilizokwisha kupikwa zikafunikwa: simu inazitoa moja moja tu. Hadithi shirikishi ni mama ntilie mwenye moto, unga na mafuta, anasubiri useme. Simu inachora palepale, kwa vipande ilivyopewa.

Hii ndiyo sababu hatuwezi kuweka michoro mizima kama ya sinema kwenye simu ya kawaida. Picha moja inayojaza kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080, ikifunguliwa kwenye kumbukumbu ya simu bila kubanwa, inakula takriban megabaiti 8. Fremu 24, yaani sekunde moja tu, ni karibu megabaiti 200. Simu yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu, na ndizo zilizojaa mikononi mwa watu Majengo na Sabasaba, itasimama kabla binti hajafika korongoni.

Kwa hiyo tunachora mhusika kwa vipande: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja. Kila kipande kinachorwa mara moja, kinafungwa kwenye viungo kama mwanasesere wa karatasi aliyeunganishwa kwa pini, na simu inaambiwa tu kiungo kipi kizunguke kiasi gani. Kipande kimoja kinatumika kwenye hadithi nzima. Mbuzi wetu watano ni mbuzi mmoja aliyebadilishwa rangi na pembe. Hakuna aliyewahi kugundua, isipokuwa mchungaji mmoja wa kweli aliyetuambia mbuzi wetu wote wanatembea kama dume.

Pale tunapotengeneza video, kwa mfano kipande cha kutangazia hadithi, ndipo unakuja ule upishi wa awali tunaouita kurenda: kompyuta inapika kila fremu moja moja. Fremu moja ikichukua dakika mbili, kipande cha nusu dakika chenye fremu 720 kinachukua saa 24. Mara ya kwanza tuliiambia kompyuta ipike moja kwa moja faili la video. Saa ya kumi na tisa LUKU ikaisha. Hakuna aliyekuwa amenunua umeme, kila mmoja akidhani mwenzake kanunua. Faili likabaki halifunguki, saa kumi na tisa zikaenda na maji. Tangu hapo tunarenda kila fremu kama picha yake peke yake, ndipo tunaziunganisha. Umeme ukikatika kwenye picha ya 570, kesho unaanzia ya 571. Kama kuna kijana anayesoma hapa kwa ajili ya jambo moja la kuondoka nalo, achukue hilo.

Sauti nayo ina mkasa wake. Nyumba ya bati, upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba, jogoo wa jirani. Tunarekodi usiku ndani ya kabati la nguo lenye mablanketi pande zote, na dada anayesoma sauti ya bibi anatoka humo ana jasho kama katoka kuchimba msingi. Lakini ugumu wenyewe si joto. Kwenye hadithi ya kawaida anasema "Rudi nyumbani" mara moja. Kwetu anaisema kwa hasira, kwa huruma, na kwa mtu ambaye hakumpa maji. Ukisahau mojawapo, unamwita tena, unamlipa tena, na sauti yake ya leo ina mafua.

Niliyoyachoka kuyasikia

"AI itawamaliza." Tumeijaribu, siwezi kusema haina kazi, inasaidia kupata mawazo ya rangi na kupanga maneno. Lakini tuliiomba itupe nyumba ya Kigogo ikatuletea msonge, kibanda cha mviringo chenye paa la nyasi lililochongoka. Tembe, nyumba ya Wagogo yenyewe, ni ndefu, ya pembe nne, paa lake ni bapa na lina udongo juu. Tukaomba tena ikatupa msonge mwingine mzuri zaidi. Hilo moja. La pili ni kwamba khanga ya bibi ilibadilika maua kila picha, na kwenye hadithi ambayo msomaji anaweza kurudi nyuma na kupita njia nyingine, bibi mwenye khanga tatu ni bibi watatu. Mashine inabahatisha kinachofanana na vingi ilivyoonyeshwa, na picha za kwetu ilizoonyeshwa ni chache. Labda kesho itabadilika. Hata ikibadilika, mtu wa kuamua daftari liandike nini atahitajika.

"Lazima kompyuta ya mamilioni na programu za kununua." Kompyuta nzuri inapunguza kusubiri, basi. Blender kwa uhuishaji, Krita kwa kuchora, Godot kwa kuiunganisha hadithi iwe programu ya simu: zote ni za bure kihalali, huhitaji kupewa ya wizi kwenye flashi na rafiki. Na wanaodhani cha bure ni cha kujifunzia tu, Machi 2025 tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni ilikwenda kwa Flow, filamu ya Latvia iliyotengenezwa kwa Blender hiyo hiyo.

"Katuni ni za watoto." Imani hii ina sababu, maana katuni za Kitanzania zilizojulikana zaidi ni za kufundisha watoto, kama zile za Ubongo wa Dar es Salaam zilizoanza kuonekana kwenye runinga 2014. Lakini mchoro haujali umri. Binti wa miaka kumi na saba hawezi kumuuliza nesi swali fulani mbele ya foleni. Kwenye hadithi anabonyeza jibu la aibu, anaona matokeo, anarudi nyuma anabonyeza jingine, na hakuna aliyemwona. Mkulima wa zabibu anaweza kuchelewa kupiga dawa mara tatu bila kupoteza hata kishada kimoja.

"Wekeni YouTube, hela ipo." Hili linataka ufafanuzi kidogo. Ili YouTube ianze kukugawia fedha za matangazo ya video ndefu unatakiwa wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukiwa na katuni zilizowekwa alama kuwa ni za watoto, matangazo yanayomfuata mtazamaji kwa tabia zake hayaruhusiwi tangu 2020, kwa hiyo kwa kawaida mapato yanashuka. Na kuna jambo linalotugusa sisi hasa: watu wengi hutengeneza hadithi za kuchagua njia hapo YouTube kwa kutumia vile visanduku vya mwisho wa video vinavyokupeleka kwenye video nyingine, hadi vinne. Kwenye video za watoto visanduku hivyo havipatikani. Mlango unafungwa hapo hapo. YouTube kwetu ni ubao wa matangazo. Dukani ni kwingine.

Basi hela inatoka wapi?

Inatoka kwenye kazi za watu, kwa sehemu kubwa. Mashirika ya afya, ya kilimo, ya elimu, na hapa makao makuu ya nchi hayakosekani, yanataka ujumbe wao ufike kwa namna ambayo watu hawatasinzia. Kazi hizo zinalipa kodi ya mzee, umeme na bando. Miezi inayobaki tunatengeneza hadithi zetu wenyewe, ambazo kwa sasa zinaingiza kidogo. Kuiweka programu Google Play unalipia dola 25 mara moja tu, na kwa dola milioni ya kwanza ya mauzo ya mwaka wanakata asilimia 15, kiwango ambacho sitegemei kukivuka kabla sijaota mvi. Tatizo ni mnunuzi. Mtu wa Nkuhungu ana pesa kwenye simu, kadi ya benki hana, na hata akiwa nayo hajazoea kununua hadithi. Shule au shirika likinunua mara moja kwa ajili ya watoto mia, hesabu inakaa.

Kosa lililotuumiza zaidi lilikuwa la mkataba. Mteja mmoja, sitamtaja, tulikubaliana naye bei kwa dakika, kama wanavyofanya watu wa video. Kazi imefika katikati, akaandika ujumbe mtamu: "Naomba mniongezee tu kachaguo kamoja pale mwanzoni." Kachaguo! Pale mwanzoni ndipo pabaya kuliko pote, maana kila kilicho mbele yake kinaguswa: maneno, sauti, daftari. Dakika za msomaji hazikuongezeka hata moja, kwa hiyo bei nayo haikuongezeka. Tulifanya kazi ya wiki tatu bure. Sasa mkataba wetu unahesabu mahali pa kuchagua, idadi ya matukio, na mara ngapi mteja anaweza kurekebisha, na malipo yanakuja kwa theluthi: kuanza, hadithi ya maandishi ikikubaliwa, na kukabidhi. Mteja akipitisha yale maandishi kwa saini, hapo hatuongezi kachaguo wala kasentensi bila karatasi nyingine.

Kwenye mkataba huo huo tunaandika mwenye mali ni nani. Wengi wanadhani ukishapata wazo limekuwa lako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo. Inalinda kilichokwisha kuandikwa au kuchorwa. Wazo la binti aliyepotelewa na mbuzi ni la mtu yeyote; binti wetu huyu, na uso huu na maneno haya, ni wetu, na kumbukumbu yake inaweza kuandikishwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na nembo au jina la mhusika utakalouzia fulana nalo ni hapo hapo BRELA kama alama ya biashara. Halafu kuna mafaili ya asili, yale yenye vipande na viungo: kumpa mteja hadithi iliyokamilika ni jambo moja, kumpa mafaili hayo ni kumpa jiko pamoja na sufuria. Tunayapa bei yake tofauti.

Juzi mzee mwenye nyumba alikuja kufuata kodi akatukuta tunajaribu toleo jipya. "Mbukwenyi," akasalimia, akaketi, na mwenzangu akampa simu. Akatazama binti akiamka, akihesabu mbuzi, akigundua mmoja hayupo. Vikatokea vitufe viwili, Lamboni na Kilimani. Mzee akatulia. Tukamwacha. Akaendelea kutazama kioo, mikono magotini, kama mtu anayesubiri mgeni amalize kuongea. Dakika nzima ikapita, binti amesimama akipepesa macho.

"Mbona ananiangalia?" akauliza.

"Anasubiri umwambie aende wapi, mzee."

"Mimi? Mbuzi ni wake."

Jioni ile ile tuliongeza kitu ambacho watatu wote, baada ya miaka miwili, hatukuwa tumekifikiria: msomaji akikaa kimya sekunde kumi, mbuzi analia kutoka upande wa kilima, na binti anaifuata sauti mwenyewe.